Ng'ombe wa Nyama Hanenepi, Ana Homa, au Kafa Ghafla: Anzia Hapa Kabla Hujajaza Sindano

Wafugaji wenzangu, maswali ya watu wa ng'ombe wa nyama ni yale yale kila msimu, na kinachoniuma ni kwamba jibu la kwanza la wengi wetu ni chupa ya OTC, ile antibayotiki ya oksitetrasaiklini. Ng'ombe hali, choma OTC. Anakohoa, choma OTC. Kaharisha, choma OTC, halafu siku ya tatu ndo unampigia daktari na ng'ombe kashalala chini hainuki tena. Dawa yenyewe ni nzuri kwa magonjwa yake ila haitibu kila kitu, na ukiichoma kwenye ugonjwa usio wake unapoteza zile siku mbili ambazo ng'ombe angeweza kupona.

Hapa nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokiona wewe zizini au malishoni, naanza na sababu inayotokea mara nyingi halafu nashuka.

Vitu vya kuwa navyo kwanza: kipimajoto (hata kile cha dijitali cha duka la dawa za binadamu kinafaa, ila kikishaingia kwa ng'ombe kibaki cha ng'ombe), futi kamba ya fundi cherehani, tochi, daftari na kibana cha kumshikia ng'ombe. Kibana cha magogo tu kinatosha, bila hicho hutapima chochote utabaki kukisia kwa macho. Joto la ng'ombe asiyeumwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.3, pima asubuhi kabla hajatembea juani. Ikisoma 39.5 kwenda juu, na wakati ni asubuhi na kapumzika, hiyo hesabu ni homa.

ANAKULA LAKINI HANENEPI

Hili ndo lalamiko namba moja la watu wanaonenepesha. Mtu kanunua madume mnadani, kayafungia zizini ayanenepeshe kwa ule mpango wa siku 90, siku zinaisha dume yuko vile vile na hela ya mashudu imeshaenda.

Kwanza hakikisha kweli haongezeki, maana jicho linalomwona ng'ombe kila siku halioni mabadiliko. Kama huna mzani tumia futi kamba: zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele upate mzunguko kwa sentimita, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa makalio nyuma. Mzunguko mara mzunguko, mara urefu, gawa kwa 10,840, unapata kilo za kukadiria. Dume mwenye mzunguko wa 150 na urefu wa 125 anakuja kama kilo 260. Rudia kila baada ya wiki mbili, saa ile ile ya asubuhi kabla hajala wala kunywa, na andika.

Sasa sababu. Ya kwanza kabisa ni maji na nafasi ya kulia, na hii watu wanairuka kwa sababu haiuzwi dukani. Dume anataka lita 30 mpaka 50 kwa siku kutegemea joto na chakula anachokula, akila vikavu vingi anataka zaidi, asipokunywa anapunguza kula mwenyewe. Nenda simama pale horini wakati wa kulisha, angalia nani anakula na nani anasukumwa. Mara nyingi utakuta wawili watatu wenye pembe ndo wamemaliza chakula cha wote. Watenganishe kwa ukubwa, tatizo linaweza kuisha hapo hapo bila kununua chochote.

Ya pili ni chakula chenyewe. Kiangazi majani yaliyokauka yanakuwa na protini kidogo mno, wale wadudu wa tumboni wanaosaga majani wanakosa nguvu, kwa hiyo ng'ombe tumbo limejaa ila ndani hakisagiki kitu na anakula akiba ya mwili wake. Hapo ukimwongezea majani makavu matupu humsaidii, mpe mashudu ya pamba au alizeti kidogo uone kinyesi kinavyolainika na hamu ya kula inavyorudi. Kwa dume wa kunenepesha chakula kikavu chote kwa siku ni kama asilimia 2.5 mpaka 3 ya uzito wake, maana yake dume wa kilo 250 ni kilo 6 mpaka 7 na nusu, majani na vya kuchanganya kwa pamoja. Kama unampa pumba ndoo moja asubuhi na kumwambia mchungaji akamalizie porini, hapo hujanenepesha, umemtembeza.

Ya tatu minyoo. Kuna wanaosema "nimeshampa dawa", uliza dawa gani na kwa kilo ngapi. Watu wanakadiria ng'ombe wa kilo 300 kuwa wa 200, dozi inapungua, minyoo inabaki. Pia ivamektini haiui minyoo ya ini, wale bapa, na kama unalisha mabondeni au kwenye majaruba ya mpunga hao ndo unao. Dalili yake ni kukonda taratibu na uvimbe laini chini ya taya. Njia rahisi ya kujua ambayo wengi hawaitumii: ng'ombe wako wakichinjwa muulize mkaguzi wa nyama machinjioni kuhusu maini. Kama maini yanatupwa kwa ajili ya minyoo basi kundi lote lililobaki nyumbani linayo, tafuta dawa iliyoandikwa wazi kwamba inaua minyoo ya ini. Na dawa ya minyoo ya albendazoli usiwape majike yenye mimba changa.

Ya nne nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoletwa na mbung'o, kama uko kwenye mapori yenye mbung'o hao mfano Pwani, Tanga, Tabora na sehemu za Morogoro. Ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, homa inakuja inaondoka, ndani ya kope pamekuwa peupe. Hapa ita mtu apime damu. Wengi wanachoma diminazini, dawa ya nagana, nusu dozi ili chupa itoshe ng'ombe wengi, na hapo ndo vimelea vinapojifunza kuikataa dawa, mwakani utachoma dozi nzima na hakitatokea kitu.

Ya mwisho ni ng'ombe mwenyewe. Mfungue mdomo uone meno, kama yamelika ni mzee, hata umpe nini utakula hasara. Na zebu mdogo wa kienyeji usimwekee malengo ya Boran, ile mbegu kubwa ya nyama, kila mmoja ana mwili wake.

Ukisharekebisha maji, chakula na minyoo, wiki nne zimepita na futi kamba haisogei, acha kubadilisha dawa, ita daktari wa mifugo achukue damu na kinyesi.

KAZUBAA, HALI, KABAKI NYUMA YA KUNDI

Pima joto kabla ya kitu kingine chochote. Halafu shika kwa mkono tezi mbili, ile iliyo chini ya sikio na ile ya mbele ya bega, pande zote mbili. Halafu fungua kope uone rangi. Halafu subiri akojoe na anye uangalie. Dakika kumi tu zinakupa majibu mengi sana.

Joto liko juu, hata 41, tezi zimevimba kama embe dogo, machozi yanatoka, baadaye anaanza kupumua kwa shida: hiyo ni ndigana kali mpaka ithibitishwe vingine. Inaletwa na kupe wa kahawia anayekaa masikioni, na inaanza kama wiki moja mpaka tatu baada ya kuumwa, ndo maana ng'ombe aliyetoka mnadani anaonekana mzima kabisa halafu wiki ya pili anaanguka. OTC peke yake haitoshi hapa. Dawa yake ni bupavakuoni, ile watu wanaijua kwa jina la Butalex, na inafanya kazi vizuri ukiiwahi. Ukishaona povu linatoka puani mapafu yameshajaa maji na uwezekano wa kupona unakuwa mdogo mno, na dawa yenyewe ni ghali, ndo maana nasisitiza kipimajoto. Kipimajoto cha elfu chache kinamwokoa dume wa zaidi ya milioni.

Chanjo ya ndigana kali ipo, asili yake ni kazi ya watafiti wa Muguga kule Kenya. Inakaa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, inachomwa pamoja na OTC siku hiyo hiyo na ng'ombe anavishwa hereni. Haiwezekani kujichanjia mwenyewe, jikusanyeni wafugaji kadhaa muite mchanjaji aliyesajiliwa maana chanjo ikishayeyushwa dozi zinatakiwa zitumike haraka. Lakini kumbuka anayechanjwa bado anaweza kufa kwa ugonjwa mwingine wa kupe, kwa hiyo kuogesha hakuachwi.

Joto liko juu ila tezi ni za kawaida, kinyesi kigumu kikavu, kope nyeupe au za njano: fikiria ndigana baridi, nayo inaletwa na kupe. Hii inapata zaidi ng'ombe wakubwa, na hapa ndo OTC ina kazi yake. Usimtembeze umbali mrefu wala kumkimbiza kumkamata, damu imepungua, anaweza kufa mikononi mwako.

Mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa, na homa: babesia, vimelea vya damu vinavyoletwa na kupe. Daktari atatumia diminazini au imidokabu.

Homa halafu anatembea anazunguka, ananyanyua miguu juu kupita kawaida, anatafuna hewa, anaanguka anapiga teke: moyo kujaa maji, naye analetwa na kupe, wale wakubwa wenye rangi rangi. Ugonjwa huu unakwenda kwa saa, piga simu sasa hivi. Na kichaa cha mbwa pia kinaanza na tabia za ajabu na udenda, kwa hiyo ng'ombe mwenye dalili za kichwa usimwingize mkono mdomoni hata kama unadhani kakwamwa na kitu.

Homa na kikohozi, kasimama viwiko vimetanuka, shingo kanyoosha, na wapo zaidi ya mmoja: homa ya mapafu. Hapo usiuze, usihamishe, toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Najua watu wanakimbilia mnadani kuokoa hela, na ndivyo ugonjwa unavyohama wilaya nzima.

UDENDA UNATOKA NA ANACHECHEMEA

Akiwa mmoja tu, angalia kwanza mwiba kwatoni na kitu kilichokwama mdomoni. Wakiwa wengi kwa siku mbili tatu na kuna malengelenge kwenye ulimi na katikati ya kwato, ni ugonjwa wa miguu na midomo. Virusi havina dawa, osha vidonda kwa maji ya chumvi au magadi, wape majani laini, zuia kundi lisitoke wala kuingia, toa taarifa. Wakubwa wengi wanapona ila kilo zinazopotea ni nyingi, na ndama wanaweza kufa ghafla.

NIMEOGESHA, KUPE BADO WAPO

Watu wanakimbilia kusema dawa feki. Feki zipo, ila kabla hujamlaumu mwenye duka pitia haya.

Uchanganyaji. Soma kibandiko. Kama kinasema 1 kwa 500, pampu ya mgongoni ya lita 20 inataka mililita 40, na upime kwa sirinji au kikombe chenye alama, achana na kifuniko cha chupa. Maji ya tope yanapunguza nguvu ya dawa. Dawa iliyochanganywa jana usiitegemee leo.

Kiasi. Ng'ombe mkubwa anataka kama lita 10 mpaka alowe kabisa. Mtu ana pampu moja ya lita 20 anaogesha ng'ombe 15, hao wamenyunyiziwa manukato. Angalia ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye korodani au kiwele, kwapani, kwenye kwato. Kupe wa ndigana kali anakaa sikioni na hapo ndo pampu haifiki.

Josho. Kila ng'ombe anayepita anatoka na dawa mwilini, ukiongeza maji bila kuongeza dawa kwa hesabu unabaki na bwawa la tope. Kamati ya josho iwe na daftari la kujazia, na sampuli ya maji ipelekwe kupimwa. Ng'ombe wanyweshwe maji kabla ya kuingia wasije wakayanywa ya josho.

Muda. Msimu wa mvua kila wiki, siyo "nikipata nafasi".

Ukishathibitisha yote hayo na kupe bado wanatembea baada ya siku mbili, hapo ndo fikiria usugu. Badilisha kundi la dawa, siyo jina la chupa, maana chupa tatu za rangi tofauti zinaweza kuwa na dawa ile ile ndani, saipamethrini zote. Na tafadhali usichanganye dawa mbili kwenye pampu moja wala usiongeze dawa za mazao ya shambani, ni sumu kwa ng'ombe, kwa mwogeshaji na kwa mla nyama. Ng'ombe akianza kutetemeka na kutoa udenda baada ya kuogeshwa mwoshe kwa maji mengi, mweke kivulini, piga simu, chukua na kibandiko cha dawa daktari akione.

TUMBO LIMEVIMBA UPANDE WA KUSHOTO

Mara nyingi ni gesi: kala majani mabichi yenye umande, jamii ya kunde, au kitu kimemkwama kooni kama kokwa la embe au muhogo. Kama kakwamwa na unakiona kwa nje ya shingo, usisukume kwa fimbo. Kama ni gesi, msimamishe miguu ya mbele iwe juu kwenye mwinuko, mpe mafuta ya kula kama nusu lita taratibu bila kumnyanyua sana kichwa, mtembeze. Akiwa kalala usimnyweshe, yatakwenda mapafuni.

Kama kavamia stoo ya pumba au mahindi ni hadithi tofauti, anazubaa, anayumba, anaharisha kinyesi cha kijivu chenye harufu ya uchachu. Hii ni asidi tumboni, ondoa nafaka zote, mpe majani makavu tu, daktari aje siku hiyo hiyo. Ndo maana chakula cha kunenepesha kinaongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili. Urea nayo isizidi asilimia 1 ya chakula chote, ichanganywe vizuri sana, isipewe ng'ombe mwenye njaa, na mvua isiingie horini ikaiyeyusha akainywa.

Akianza kutoa ulimi na kupumua kwa shida hiyo ni dharura. Kutoboa tumbo kwa kisu bila kujua pa kutoboa kunaua, mwachie aliyefundishwa.

KAFA GHAFLA

Simama. Usiguse, usichune, usipasue kuangalia kilichomuua.

Angalia kwa mbali. Damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, mzoga umevimba haraka na haujakakamaa: chukulia ni kimeta. Ugonjwa huu unaua watu, na nyama yake haifai hata ikichemshwa namna gani. Ukipasua mzoga vijidudu vikikutana na hewa vinajitengenezea ganda na kukaa ardhini makumi ya miaka, zizi lako linakuwa kaburi la ng'ombe wa wanao. Fukuza mbwa, funika, piga simu kwa afisa mifugo, uzikwe mita 2 chini na chokaa au uchomwe kwa usimamizi wake. Aliyeshika akiona kidonda chenye kigamba cheusi, au aliyekula akaugua tumbo, aende hospitali na aseme wazi kwamba alishika mzoga. Najua inauma kuacha nyama ya dume mzima ioze na majirani wamekusanyika na visu, lakini hapo hakuna mjadala.

Sababu nyingine ya kawaida ni chambavu, inachagua wale wa miezi 6 mpaka miaka 2 walionona, paja au bega limevimba na ukibonyeza kwa aliye hai linalia kama karatasi. Mwaka ukianza chanja vyote viwili, kimeta na chambavu, kwa pamoja kama chanjo ya mchanganyiko ipo kwenu. Chanjo ya kimeta ni ya vijidudu hai, kwa hiyo usimchome OTC au penisilini siku hizo, unaiua.

Wakifa kadhaa ndani ya saa moja mbili baada ya kuingia shamba la mtama uliochipua upya baada ya ukame, au waliokula majani mabichi ya muhogo, hiyo ni sumu ya sianidi. Watoe waliobaki haraka. Radi na nyoka zipo pia ila watu wanazisingizia mno.

ANATAFUNA MIFUPA, KAMBA, NGUO

Anakosa madini, hasa fosforasi. Mpe jiwe la kulamba au unga wa mifupa uliotengenezwa kiwandani. Kusanya mifupa ya malishoni uichome, maana mfupa wa mzoga unaweza kuwa na sumu inayompooza miguu na ulimi, na akishapooza hivyo hapana dawa ya maana.

MAJIKE HAYASHIKI AU YANATUPA MIMBA

Hayashiki: kwanza ni wembamba. Jike ukiweza kuhesabu mbavu zake zote kwa mbali mwili wake unagoma kupata joto la kutaka dume, lishe ndo dawa. Pili dume: mmoja anatosha majike 25 mpaka 30, mwangalie miguu, korodani, na kama kweli anapanda. Tatu magonjwa ya zinaa yanayoletwa na dume la kuazima, hapo daktari apime dume kabla hujamlaumu jike yeyote.

Wakitupa mimba zaidi ya mmoja, hasa miezi ya mwisho, fikiria brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza na binadamu. Usivute kondo la nyuma kwa mikono mitupu, vaa glavu, fukia kilichotoka, maziwa yachemshwe. Kama ni baada ya mvua kubwa na ndama wanakufa kwa wingi, fikiria homa ya Bonde la Ufa, ile iliyoua watu na mifugo Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, na hapo taarifa inatoka siku hiyo hiyo.

KAPUNGUA NJIANI, MNUNUZI KASHUSHA BEI

Kupungua asilimia 5 mpaka 10 safarini ni kawaida, zaidi ya hapo kuna kitu. Safari ya mchana juani, kuchanganya madume wasiojuana kwenye lori, kuwabana mno. Wapakie jioni, wanyweshe kabla, wachanganye siku kadhaa kabla ya safari wapigane wamalize nyumbani. Fimbo inaacha damu chini ya ngozi na machinjioni hiyo sehemu inakatwa inatupwa, na dume aliyechoka na kuogopa sana nyama yake inatoka nyeusi na kavu, mwenye hoteli anaikataa. Kibali cha kusafirisha kipate mapema, ng'ombe wanaosubiri kwenye lori kizuizini wanayeyuka. Na angalia daftari: kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchinja, zimeandikwa kwenye kibandiko, nyingine zinafika wiki nne na zaidi, kwa hiyo aliyechomwa juzi abaki zizini auzwe mnada unaofuata.